Kombaini ya mtumba: nani anavuna kwanza?

Ukila chapati Nairobi leo, kuna uwezekano mkubwa kwamba ngano yake ilivuka bahari. Kenya hulima sehemu ndogo tu ya ngano inayokula. Inayobaki huteremshwa Mombasa kutoka Urusi, Ukraine, Argentina na kwingineko. Lakini hata ile kidogo tunayolima wenyewe, ya Uasin Gishu, Narok, Mau Narok na Timau, nayo ina kitu kilichovuka bahari: mashine iliyoivuna. Na mara nyingi mashine hiyo si mpya. Ilivunia watu wengine huko Uingereza au Ujerumani miaka kumi na kitu, ishirini, ikachoka, ikauzwa, ikapakiwa melini. Sisi watu wa mjini tunajua mtumba wa Gikomba na gari la Japani. Kuna mtumba mwingine wenye uzito wa tani kadhaa ambao huwezi kuujaribu mbele ya kioo.

Swali langu si kama ni aibu kununua kombaini iliyotumika. Si aibu. Swali ni hili: baada ya zaidi ya miaka 100 ya kulima ngano kwa biashara katika nchi hii, mtu anapotoa mamilioni kununua mashine kuukuu, kwani hasa ananunua nini?

Hebu tuanze na mashine yenyewe. Inaitwa kombaini kwa sababu inaunganisha kazi tatu ambazo shangazi zetu bado wanazifanya kwa mkono kwenye wimbi na mtama: kukata, kupura na kupepeta. Mbele kuna kisu kipana kinachokata mabua. Katikati kuna ngoma, silinda ya chuma inayozunguka kwa kasi na kuyasugua masuke dhidi ya wavu mzito uliopinda. Nyuma yake kuna vitikisio vya mabua, chekecheo na feni. Punje zinaenda kwenye tangi, makapi yanapeperushwa, mabua yanatupwa nyuma. Kazi ya watu wengi kwa siku nyingi inaisha kabla ya chai ya saa nne.

Wazo ni la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1836 Mmarekani aitwaye Hiram Moore, wa jimbo la Michigan, alipata hataza ya mashine kama hiyo. Ilikokotwa na kundi kubwa la farasi. Shida ilikuwa hali ya hewa: Michigan ina unyevu, na ngano iliyokatwa na kupurwa papo hapo ilikuwa haijakauka vya kutosha kuhifadhiwa. Kwa hiyo mwaka 1854 mojawapo ya mashine za Moore ilipakiwa kwenye meli, ikazunguka ncha ya kusini ya bara la Amerika hadi California, kwenye jua. Huko ikavuna takriban ekari 600. Baadaye ikaungua shambani kwa sababu beringi haikupakwa mafuta.

Soma tena hiyo story pole pole. Mashine ilitengenezwa kwa ajili ya mahali pamoja, ikauzwa mahali pengine palipoihitaji zaidi, ikafanya kazi vizuri, halafu ikafa kwa kukosa grisi. Mwaka 1854! Biashara ya kombaini za mtumba ina umri karibu sawa na kombaini yenyewe, na chanzo cha kifo hakijabadilika sana.

Kwetu ngano ya biashara inaanzia Njoro, kwa mtu ambaye barabara yake mlishaipita mkielekea Uhuru Park: Kenyatta Avenue zamani iliitwa Delamere Avenue. Lord Delamere alipata ardhi Njoro mwanzoni mwa karne ya 20. Akajaribu kondoo, wakafa. Akajaribu ng'ombe, magonjwa yakawamaliza. Akaingia kwenye ngano, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga iliyoitwa Unga Limited, ambayo kizazi chake bado kinatuuzia unga. Kisha ikaja kutu. Si kutu ya chuma, bali ugonjwa wa ukungu unaopaka shina la ngano rangi ya kahawia kama bati la zamani na kuiangusha. Delamere alilazimika kuajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazostahimili, na mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikaweka kituo cha utafiti wa mbegu pale pale Njoro. Kituo hicho kipo mpaka leo, na wanasayansi wa dunia nzima hupeleka ngano zao kujaribiwa huko dhidi ya kutu iitwayo Ug99, iliyotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990.

Uasin Gishu ni hadithi nyingine, na haikuanza na shamba tupu. Nyanda zile zilikuwa malisho. Wamaasai wa Uasin Gishu walizipa jina, na Wanandi walizitumia kwa mifugo yao. Mwaka 1905 kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani, na watu wake wakasukumwa kwenye ardhi ya hifadhi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini lilishuka Mombasa, likapanda treni hadi Nakuru, halafu likapandisha magari yake ya ng'ombe hadi kwenye nyanda hizo. Mji ulioota kwenye shamba namba 64 ndio Eldoret. Wazee bado wanauita Sisibo, yaani hiyo "sixty-four" ikishapita kinywani mwa Mkalenjin.

Nani alivuna ngano hizo za kwanza? Mashine za wakati huo zilikata na kufunga miganda tu. Baada ya hapo ilihitajika mikono: kuikusanya miganda, kuisimamisha ikauke, kuibeba hadi kwenye mashine ya kupura iliyosimama mahali pamoja. Mikono hiyo ilikuwa ya maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wanaoishi kwenye mashamba ya wazungu wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, nao wapate kipande cha kulima na kulisha mifugo. Nusu ya mwaka wa maisha yako ndiyo kodi ya nyumba.

Vita ya pili ya dunia ikabadilisha hesabu. Uingereza ilitaka chakula. Mwaka 1942 serikali ya Kenya ilipitisha sheria ya kuongeza uzalishaji ambayo iliwahakikishia walowezi mapato ya chini kwa kila ekari hata mazao yakiharibika, na mashine za Kimarekani zikaanza kuingia kupitia mpango wa Lend-Lease. Huko Marekani kwenyewe, kampuni ya Kanada iitwayo Massey-Harris ilifanya jambo ambalo naliona ni muhimu kuliko uvumbuzi wowote wa chuma. Mwaka 1944 iliiomba serikali chuma cha kutengeneza kombaini 500 za ziada, aina inayojiendesha yenyewe bila kukokotwa na trekta. Sharti lilikuwa kwamba kila mnunuzi avune ekari 2,000. Mashine zile zilianza Texas ngano ilipoiva na kupanda kaskazini pamoja na msimu mpaka Kanada. Zilivuna zaidi ya ekari milioni moja.

Yaani kombaini ilikoma kuwa kifaa cha shamba, ikawa kama matatu: ina ruti, ina msimu, ina mwenye nayo ambaye si lazima awe na shamba lolote. Mfumo huo ndio ulioko Kenya leo. Ngano ya Narok huiva katikati ya mwaka, ya Uasin Gishu karibu na mwisho wa mwaka, kwa hiyo mwenye kombaini anaweza kuvuna huku, apakie mashine kwenye lori, avune kule.

Kabla hatujafika huko, tupite kidogo Kongwa, Tanganyika, kwa sababu hakuna mahali Afrika Mashariki palipotoa funzo ghali zaidi kuhusu kununua mashine zilizotumika. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na mwaka 1946 ikaja na mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Trekta mpya hazikupatikana. Dunia nzima ilikuwa inazitaka. Basi wanunuzi wakatumwa kutafuta mabaki ya vita, wakazipata Ufilipino, mashine nzito zilizoachwa na jeshi la Marekani. Vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa trekta na kupewa jina la Shervick. Kwenye karatasi ilionekana kama bei ya kutupwa. Kumbe mashine nyingi zilikuwa zimekaa nje kwenye mvua ya tropiki, zimekwisha kazi, spea hazipo, mafundi wa kuzitengeneza bado wanafundishwa. Zilipoingia kwenye vichaka vya Kongwa na udongo wake unaokuwa mgumu kama saruji kiangazi, zikaanza kukatika moja baada ya nyingine. Katikati ya mwaka 1947 nyingi zilikuwa zimelala karakana. Mpango ulifutwa Januari 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Watu husimulia Kongwa kama kichekesho cha wazungu na karanga. Mimi naisoma kama hadithi ya spea. Mashine kuukuu karibu na fundi mwenye spea ni mali. Mashine hiyo hiyo mbali na fundi ni chuma chakavu ambacho bado hakijapimwa kwenye mizani.

Uhuru ulipokaribia, walowezi wengi wa Uasin Gishu walianza kufunga mizigo. Mwaka 1962 ulianza mpango wa ekari milioni moja wa kuwapa Waafrika makazi kwa mkopo, na nje ya mpango huo mashamba mengine yalinunuliwa na watu binafsi, vyama vya ushirika na kampuni za wanahisa waliochanga. Waliokuwa wakiondoka waliuza pia vilivyokuwa ghalani, mara nyingi kwa mnada: majembe ya trekta, mikokoteni, na kombaini. Ndiyo soko la kwanza la mtumba huu kwa wakulima Waafrika. Fikiria uko pale umesimama. Unayekununulia anakwenda Afrika Kusini au Australia, hana sababu ya kukuambia kwamba gia ya pili inaruka. Wewe jana ulikuwa mfanyakazi, pengine dereva wa mashine hiyo hiyo. Na hapo, bana, ndipo waliokuwa madereva na mafundi walipokuwa na faida kubwa kuliko wenye pesa: wao walijua mashine gani ilikohoa msimu uliopita.

Miongo iliyofuata ilikuwa ya mashirika. Shirika la fedha za kilimo, AFC, lilikopesha. KFA iliuza mbolea na spea. Bodi ya ngano, na kuanzia mwaka 1979 ile bodi mpya ya nafaka, NCPB, ilinunua kwa bei iliyotangazwa. Mfumo ulikuwa na madeni, siasa na upendeleo mwingi, lakini mkulima alijua atauza wapi. Kilichokuwa kigumu ni kuagiza mashine mwenyewe, maana ulihitaji leseni na fedha za kigeni, na hizo hazikuwa za kila mtu. Miaka ya 1990 milango ikafunguliwa. Leseni za kuagiza zikaondolewa, udhibiti wa fedha za kigeni ukafutwa, na mtu wa Moiben akaweza kupiga simu Uingereza na kuulizia kombaini. Mlango ule ule ukaingiza ngano ya bei rahisi kutoka nje, ikamkuta sokoni.

Huko zinakotoka kuna mantiki yake. Msimu wa Ulaya ni wiki chache. Mkulima mkubwa wa Uingereza hawezi kukubali mashine isimame siku mbili Agosti, kwa hiyo anaiuza ingali hai na kuchukua mpya. Hizo za zamani hupelekwa kwenye minada kama ile ya Cheffins karibu na Ely, mashariki mwa Uingereza, ambako wanunuzi hutoka pande zote za dunia. Zingine hupitia kwa mabroka. Picha zinatumwa kwa WhatsApp, na zimepigwa asubuhi, jua likiwa zuri, mashine imeoshwa ikang'aa.

Rangi mpya ndiyo ya kuogopa kwanza. Kombaini iliyofanya kazi miaka 20 ina haki ya kuchubuka. Iliyopakwa juzi inaficha mahali palipochomelewa. Fundi mzuri ataanzia ndani ya tangi la nafaka, maana punje husugua rangi na chuma kidogo kidogo kama maji yanavyosugua jiwe, na hapo hakuna anayekumbuka kupaka. Kisha ataangalia saa. Mashine nyingi za karibuni zina hesabu mbili, saa za injini na saa za ngoma. Injini huzunguka hata kombaini ikiwa barabarani au imesimama dereva akila, lakini ngoma huzunguka ikivuna. Saa za ngoma ndizo umri wa kweli. Baada ya hapo ni mikono na masikio. Vyuma vya ngoma vina mifereji inayopaswa kushikika kidoleni. Vikiwa laini, ngano itapita na masuke yake itupwe nyuma, na hutaona hasara hiyo mpaka uote msitu wa ngano pale ulipovuna. Cheni ya kupandisha nafaka inavutwa kuona imelegea kiasi gani. Beringi zinasikilizwa mashine ikiunguruma bila mzigo. Mikanda inageuzwa kuona nyufa. Nyaya zinakaguliwa kwa meno ya panya, kwa sababu kombaini hukaa ghalani sehemu kubwa ya mwaka na ndani yake kuna nafaka iliyobaki. Panya wa Ulaya nao wanajua nyumba nzuri.

Kisha kuna vitu ambavyo mtu husahau kuuliza. Kisu cha mbele kinakuja na mashine au kinauzwa kando? Kina upana gani? Upana wa futi 20 ni raha kwenye shamba la ekari 500, na ni mateso kwenye lango la boma. Je, masalio ya udongo na mimea yameondolewa? Mbegu za magugu husafiri vizuri sana ndani ya kombaini, na hiyo ni habari ya karantini, si usafi tu. Na itafikaje? Kutoka bandarini Mombasa hadi Eldoret ni karibu kilomita 800, ukipita Mlolongo na mteremko wa bonde la ufa, na mzigo mpana kuliko lori.

Sasa turudi kwenye lile swali. Ngano ikishakauka shambani haina subira. Mvua ikiinyeshea ikiwa imeiva, punje huanza kuota zikiwa bado kwenye suke, na unga wake hautengenezi mkate wa maana. Msagaji ataikataa au atakata bei. Ghalani nako hutaki unyevu uliozidi asilimia 13.5. Kwa hiyo mwezi wa 11, mawingu yakianza kujikusanya Uasin Gishu, kila mtu anataka kombaini wiki moja, na kombaini ni chache. Mwenye nayo atavuna shamba lake kwanza, hiyo ni haki yake. Halafu ataenda kwa mwenye ekari 300, kwa sababu huko anaingia mara moja na dizeli haipotei barabarani. Halafu jamaa zake. Mwenye ekari 5 anapiga simu kila asubuhi na kila asubuhi anaambiwa kesho.

Hicho ndicho kinachonunuliwa kwa hayo mamilioni: nafasi ya mbele kwenye foleni, na uwezo wa kuamua wengine wasimame wapi. Ndiyo sababu watu hununua hata mashine ambayo wanajua imechoka. Wanaogopa mvua kuliko wanavyoogopa beringi.

Na foleni hiyo imechora ramani ya ardhi. Yale mashamba yaliyonunuliwa kwa hisa miaka ya 1960 na 1970 yaligawanywa, yakarithiwa, yakagawanywa tena. Kombaini haipendi ua wala kona. Kwenye vipande vidogo inatumia muda mwingi kugeuka kuliko kuvuna, kwa hiyo wengi wenye vipande wamehamia mahindi, ambayo mkono bado unayaweza. Narok ilienda njia tofauti. Sheria ya mwaka 1968 ilitambua ranchi za vikundi za Wamaasai, na baadaye wenye mashine walikuja kukodi ardhi hiyo na kulima ngano kwa maelfu ya ekari. Aliyekuwa na ardhi alipata kodi ya msimu. Aliyekuwa na trekta na kombaini alipata ngano. Ranchi zilipogawanywa kwa watu binafsi, si wote waliotoka na kipande cha maana, na ugomvi wake ulijaza mahakama. Mtu akisema Narok ni ghala la ngano la Kenya, muulize ngano ya nani.

Vikundi vya vijana na vyama vya ushirika vimejaribu kununua kombaini moja kwa pamoja. Naunga mkono, ila foleni haiondoki kwa kuchanga. Inahamia kwenye kamati. Siku ile mawingu yakijaa, ratiba iliyopigiwa kura Machi inasomwa upya na mwenyekiti. Walioweka utaratibu wa kuvuna kwa eneo, shamba linalofuatana na jirani yake bila kujali ni la nani, wana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu mashine haizunguki ovyo na hakuna wa kumpigia simu usiku.

Kuna jambo moja sasa hivi linabadilisha soko hili. Kombaini zinazouzwa Ulaya baada ya kutumika miaka 15 si zile za zamani tena. Zina vihisio, skrini, na programu inayokataa kuwasha ngoma mpaka kompyuta ya muuzaji iunganishwe. Ikigoma shambani Olokurto, hakuna nyundo itakayoisaidia. Ndiyo maana mashine za miaka ya 1970 na 1980, Claas Dominator za Ujerumani na Massey Ferguson zilizotengenezwa Kilmarnock, Scotland, bado zina wateja ingawa kiwanda cha Kilmarnock kilifungwa mwaka 1980. Fundi wa Eldoret anaweza kuzifungua zote hadi skurubu ya mwisho, kuchongesha shafti mtaani na kuirudisha shambani kabla ya jioni. Muulize muuzaji yeyote wa hizo kuukuu kwa nini bei haishuki, atakuonyesha kwa kidole upande wa jua kali.